Kushika Mwiko si Mwiko



Liko neno ambalo twalinong'ona muda mrefu barazani, nasi twaona wakati umewadia wa kulisema kwa sauti. Neno lenyewe ni hili: sisi watu wa kalamu, tulio na nyumba zetu wenyewe hapa mjini Arusha na katika vijiji vya mlima Meru, tumekuwa watu wa kuzitazama nyumba hizo zikiharibika. Paa likivuja twatega sufuria. Komeo likilegea twafunga kamba. Ukuta ukifanya ufa twautundikia kalenda. Kisha twaketi kumngoja fundi, na fundi hungoja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi hungoja mkopo. Na kungoja huko kote twakuita heshima.

Twasema si heshima. Ni hasara iliyovaa tai.

Asili ya desturi hii twaijua. Zamani za utawala wa Waingereza, mtumishi aliyekaa katika nyumba ya serikali hakuwa mwenye nyumba; kazi yake ndiyo iliyompa dari la kulala chini yake. Kitu kikiharibika aliandika barua kwa Idara ya Kazi za Umma, akangoja jibu. Bendera ile ilishuka mwaka 1961, lakini barua hazikukoma, maana serikali yetu wenyewe iliendelea kuwapa watumishi nyumba. Lakini tangu serikali ilipoanza, mwaka 2002, kuwauzia watumishi wengi nyumba walizokuwa wakikaa, na tangu wengi wetu tulipoanza kununua viwanja na kujenga kidogo kidogo katika Njiro, Moshono, Sakina, Ngaramtoni, Usa River na kwingineko, barua ile haina anwani tena. Mwenye nyumba ni wewe. Na Idara ya Matengenezo ni wewe pia. Ukiandika barua, itakurudia mwenyewe.

Wako wenzetu wasiokubali maneno haya, nao wana hoja zao. Si vema kuwadharau. Yafaa wajibiwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni aibu. Wasema, "Ofisa akionekana juu ya ngazi ameshika nyundo, majirani watasema mshahara haumtoshi." Twajibu: ni majirani gani hao, na wametoka wapi? Nenda upande wa Monduli ukawatazame akina mama wa Kimasai. Hao ndio wajengao nyumba zao kwa mikono yao, na mvua ikiharibu paa, mwenye nyumba hupanda mwenyewe akalikandika. Wala hakuna amwambiaye kwamba amejishusha. Mabibi na mababu zetu wa mlimani walikata miti, wakafunga fito, wakakandika udongo, wakaezeka kwa nyasi au majani ya migomba, na kila baada ya miaka walirudia kazi hiyo pasipo kuomba ruhusa ya cheo. Sisi tumesoma zaidi yao. Je, elimu ni kujua mengi au ni kusahau hata yale machache waliyoyajua wasiosoma?

Tena tukumbuke kwamba mji huu ndio uliolipa jina lake Azimio la mwaka 1967. Neno kujitegemea tuliandikishwa katika madaftari ya shule, tukalijibu katika mitihani, tukapewa alama. Ni ajabu kubwa kwamba mtu aliyelipatia alama zote neno hilo hawezi kubadili mpira wa koki ya jikoni mwake, naye hupiga simu mara tatu kumwita kijana aje na spana ya kazi ya dakika kumi.

Hoja ya pili yaonekana kuwa ya huruma. Wasema, "Tukifanya wenyewe, tutawanyima mafundi riziki yao." Hoja hii ingetugusa kama ingekuwa kweli. Lakini sote twajua kwamba fundi mzuri hapendi kazi ndogo. Mwite aje kupigilia misumari minne, atakuambia kesho. Na kesho yake ni ndefu, maana yuko mahali ajengapo nyumba nzima. Basi kazi ndogo huachwa mpaka iwe kubwa, na hapo ndipo huja na gharama yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipomwita mtu akuzibie.

Tena tutazame upande wa pili. Mtu asiyejua kazi hawezi kumpima amfanyiaye kazi. Fundi hodari na fundi mdanganyifu ni sawa machoni pake. Tofauti yao ni bei tu, naye humchagua wa bei ndogo. Ukitaka kumheshimu fundi hodari, jifunze walau kushika timazi na pima maji. Jua kwamba mchanga wenye udongo mwingi huidhoofisha saruji. Jua kwamba zege na plasta hupaswa kumwagiwa maji siku saba zisikauke upesi, maana saruji haikazi kwa kukauka, hukaza kwa kunywa maji. Mwenye kuyajua hayo hatamlipa mjanja, na fedha yake itamfikia astahiliye. Huko ndiko kumlinda fundi, wala si kumngoja kwa miezi mitatu na kumkopa siku ya mwisho.

Hoja ya tatu ni wakati. "Twafika nyumbani jioni, tumechoka, Jumapili ni kanisani, sikukuu ni msikitini au kwa wazee." Ni kweli. Lakini kazi tuzinenazo si za mwezi. Kukaza bawaba ya mlango ni robo saa. Kufagia majani katika gata ni nusu saa. Kutazama paa kutoka ndani ya dari wakati wa mvua, na kutia alama ya chaki mahali panapovuja, ni muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwenye muda wa kukaa saa mbili akiyalalamikia maji yanayovuja ana muda wa kuyazuia.

Hoja ya nne ndiyo yenye nguvu, nasi twaipokea kwa mikono miwili: hatari. Si kila kazi ni ya kila mtu. Kazi ya umeme ni ya fundi aliyesajiliwa, si ya karani mwenye bisibisi. Mtu asibomoe ukuta unaobeba paa, wala asikate lenta ili apate dirisha pana. Julai mwaka 2007 mitetemeko ya ardhi iliyotokea upande wa Gelai na Oldonyo Lengai ilisikika mpaka hapa Arusha na mpaka Nairobi. Nchi yetu hii ni ya volkeno, na lenta haikuwekwa iwe pambo. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, likaua watu zaidi ya 20. Yafaa kila mwenye nyumba alikumbuke kabla hajagusa nguzo. Atakaye kuongeza chumba hana budi kwenda kwanza halmashauri kutafuta kibali. Lakini angalieni, ndugu: hatari ya kugusa nguzo haimpi mtu udhuru wa kutogusa bawaba. Mtu asiyejua kuogelea haachi kuoga.

Tumekwisha kujibu hoja. Sasa twataka kuuliza swali letu sisi, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Tutembee pamoja, kwa macho ya fikira, katika barabara yoyote mpya ya pembezoni mwa mji. Twaona ukuta wa tofali umezunguka kiwanja, na geti la chuma lenye maua ya kusokotwa, limepakwa rangi ya dhahabu. Ndani ya geti yamo mapambo ya saruji. Tuinue macho juu: bati ni jipya, la rangi nyekundu au buluu, limeezekwa vizuri kabisa. Lakini ukingoni mwa bati hapana gata. Maji ya mvua yaanguka chini, yachimba mfereji kandokando ya msingi, kisha yakimbilia barabarani na kwenda zake Themi au Naura. Na ndani ya nyumba hiyo mtoto wa miaka minne anywa maji ya kisima.

Hapa ndipo tunapogombana na wenzetu. Maji ya nchi hii twayajua. Mawe ya volkeno ya mlima Meru yana madini ya floraidi, nayo huyeyuka katika chemchemi, visima na mito mingi inayouzunguka. Shirika la Afya Duniani lasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Na maji mengi ya upande wetu, hasa ya Arumeru, huzidi kiasi hicho, pengine mara kadhaa. Magadi tuyatiayo katika maharage na makande nayo huongeza. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya ukubwani yanaumbwa ndani ya ufizi, yaani tangu utoto mpaka kama miaka minane, meno huota na madoa ya kahawia, wala hakuna mswaki uwezao kuyaondoa. Akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huathirika. Viungo huuma, mgongo hukakamaa, na miguu ya watoto wengine hupinda.

Sisi tumeyazoea hayo hata tumeyafanya mzaha. Twasema mtu wa Arusha hutambulikana acheke tu. Mzaha huo hautuchekeshi. Mtoto aliyejifunza kuziba kinywa kwa mkono kila achekapo hakuchagua kujifunza jambo hilo.

Wako wasemao, "Sisi huchemsha." Kuchemsha huua vijidudu, nalo ni jambo jema, lakini floraidi haifi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki ile ile katika maji yaliyopungua, basi huwa kali zaidi. Wengine wasema, "Serikali italeta maji mema." Ni kweli kwamba mradi mkubwa wa maji wa Arusha, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulikusudia pamoja na mengine kuwapa watu maji yenye floraidi kidogo, nasi twaishukuru kazi hiyo. Ni kweli pia kwamba huko Ngurdoto kiko kituo cha utafiti ambacho kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini mkaa huo huchoka, hauna budi kubadilishwa, na si kila nyumba imefikiwa na bomba jema. Hali maji yasiyo na floraidi yaanguka juu ya bati la kila mmoja wetu, bila mita na bila ankara, nasi twayaacha yachimbe msingi.

Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo kazi tuijuayo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya kadiri, yenye bati la urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, ina mita za mraba 80. Tuseme mvua ya mwaka mzima ni milimita 800: hizo ni lita 64,000. Tuondoe sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika na yanayokauka. Zabaki lita 51,200. Jamaa ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia tu, watahitaji lita 30 kwa siku, yaani lita 10,950 kwa mwaka. Bati hilo lawatosha mara nne, na ziada hubaki.

Labda mtu atasema, "Lakini kiangazi ni kirefu." Tuhesabu tena. Tangu tarehe 1 Juni mpaka tarehe 31 Oktoba ni siku 153. Mara lita 30, ni lita 4,590. Tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa masika litamfikisha mtu kwenye vuli. Tangi moja! Wala hatusemi maji ya kufulia, kuoga na kunyweshea ng'ombe. Hayo yatoke kisimani kama kawaida. Tunenayo ni maji yapitayo kinywani mwa mtoto.

Sasa mwenye kutaka na apime mwenyewe: geti la maua au tangi? Twasema bila kuficha kwamba mzazi aliyeanza na geti, na huku ana mtoto mdogo na kisima cha maji ya floraidi, ameipamba nyumba kwa wapitao njia akawasahau wakaao ndani.

Na kazi yenyewe si ngumu kwa watu wawili wenye ngazi madhubuti. Gata hupigiliwa kwenye ubao wa ukingoni, likiteremka kidogo kuelekea tangi, isipungue sentimita 1 kwa kila mita 2, ili maji yasilale na kuzaa mbu. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, maana huosha vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu, na tangi lisiingie mwanga. Jambo moja tu tumwachie fundi mwashi: kitako cha tangi. Lita 5,000 za maji ni uzito wa tani 5, nao hauwezi kusimama juu ya mawe yaliyopangwa ovyo.

Kazi nyingine ndogo tuzitaje kwa kifupi. Bati la mawimbi hupigiliwa juu ya wimbi, si bondeni. Aliyepigilia bondeni ameyafungulia maji mlango. Ufa wa ukutani uandikwe tarehe kwa penseli katika ncha zake mbili, utazamwe masika nzima: usipoongezeka, ni wa plasta, uchimbe kidogo ujazie, ukipita alama zako, au ukiwa mpana kiasi cha kuingiza sarafu, mwite fundi ajuaye misingi. Koki ivujayo nusu lita kwa saa hupoteza lita 12 kwa siku, nazo ni lita 4,380 kwa mwaka, karibu sawa na maji ya kunywa ya kiangazi kizima tuliyoyahesabu. Na dawa yake ni kipande cha mpira.

Nyumba si jambo dogo katika mlima huu. Novemba mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika nchi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hata New York kuwatetea mbele ya Umoja wa Mataifa. Wazee wale walinyang'anywa nyumba na serikali yenye bunduki. Sisi hatuna atunyang'anyaye. Twazitoa wenyewe kwa tone moja moja la maji, huku tumekunja mikono.

Basi hatutaki maneno haya yaishie katika karatasi. Twaleta mbele ya kamati ya tawi mambo matatu, nasi twaomba yapigiwe kura katika mkutano ujao.

La kwanza: fedha za karamu ya mwisho wa mwaka, kwa mwaka mmoja tu, zinunue ngazi moja ndefu, toroli, timazi, pima maji, msumeno, nyundo mbili na seti ya spana, viwe mali ya tawi, viazimwe kwa zamu na kuandikwa katika daftari. Kwa daftari sisi hatushindwi na mtu.

La pili: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, wanachama sita, wanaume kwa wanawake, waende kwa mwenzao mmoja kufanya kazi ya mchana mmoja, kama msaragambo wa jirani zetu wa Upare na Kilimanjaro. Mwenye nyumba atoe chai na makande, bila magadi. Zamu zianzie kwa wenye watoto wadogo, na kazi ya kwanza iwe gata.

La tatu: ukurasa mmoja wa gazeti hili upewe wanachama waandike kazi walizozifanya katika nyumba zao: vipimo, vifaa, gharama, siku ngapi, na kilichoharibika pamoja na kilichofaa. Mwenye nyumba wa Moshono akijua jinsi mwenzake wa Tengeru alivyozuia maji yasiingie katika msingi, hatahitaji kulipa ada ya kujifunza jambo lile lile mara ya pili.

Watakaopinga na waje mkutanoni wapinge, tutawasikiliza. Lakini twawaomba jambo moja: kabla hawajaja, wapande juu ya kiti, watazame ukingo wa bati la nyumba zao, kisha watuambie maji ya mvua iliyopita yalikwenda wapi.

Ni sisi wenzenu,
Makarani wa Tawi la Arusha